Muswada wa Vyoo Haumo Orodhani

Muswada wa saba haumo kwenye orodha.

Soma tena ukitaka, haumo. Wiki iliyopita tulimwacha Mama Kadi amepiga magoti mbele ya kabati la mafaili, mkono mmoja umeshika kadi, mwingine umeshika kifua, na baadhi yenu mkapiga simu gazetini kuuliza kama ni ugonjwa wa moyo. Moyo wake mzima kabisa. Ungekuwa moyo ingekuwa nafuu: angelazwa, wenzake wangemletea matunda, na kosa lingesahaulika.

Kosa lenyewe ni hili. Orodha ya shughuli za Bunge ya leo, aliyoipanga yeye na kuichapa yeye, imeshawekwa juu ya madawati mia mbili na arobaini ya wabunge. Ina miswada minane. Ilitakiwa iwe tisa. Uliokosekana ni Muswada wa Vyoo vya Masokoni.

Na mwenye muswada huo ni aliyekuwa mume wake.

Sasa umeelewa magoti yalitoka wapi.

Kwa uliyeazima gazeti la jirani leo kwa mara ya kwanza, nakuelezea haraka halafu tuendelee. Kila muswada una kadi yake, na kadi zinaning'inia ukutani ofisini kwa Mama Kadi, kila moja na msumari wake. Kadi ikitazama chumba, muswada unaendelea, uchape. Kadi ikitazama ukuta, mwenyewe ameuondoa, usiuchape. Miaka ishirini na miwili kazi imekwenda hivyo. Asubuhi ya leo, saa kumi na mbili, kadi ya saba ilikuwa inatazama ukuta. Mama Kadi akairuka.

Lakini kila anayeondoa muswada huandika barua. Kadi ni ishara tu, barua ndiyo neno. Na barua Mama Kadi hakuitafuta mpaka saa mbili na nusu, alipofungua kabati kuweka mafaili sawa. Hakuna barua. Kuna mtu aliigeuza ile kadi akaondoka zake.

Muswada wenyewe, tuseme ukweli, haukuwa na haraka. Leo ni siku ya mwisho ya kikao. Muswada usioitwa unangoja kikao kijacho, miezi minne, ukiwa mahali pake. Chenye haraka kilikuwa kiti cha Mama Kadi.

Maana alikuwa na barua mbili za onyo tayari. Ya kwanza, alimpangia marehemu dakika kumi za kuchangia hoja. Ya pili, aliuchapa muswada mmoja mara mbili, na waheshimiwa wakaujadili mara mbili bila mtu kustuka; asubuhi ukapita, jioni ukakataliwa. Barua ya tatu ndiyo ya mwisho. Ya tatu ikifika, kiti kinapewa mwingine, na yeye anapelekwa stoo kuhesabu viti vilivyovunjika miguu.

Na hata angesamehewa kosa, asingesamehewa maneno. Nani angeamini ni bahati mbaya? Miswada yote tisa, ukose wa mtalaka wako? Wangesema ni kisasi. Wangesema kwa sauti baridi, huku wakikoroga chai.

Saa ya ukutani ilisema saa mbili na dakika thelathini na nane.

Mama Kadi akasimama, akapangusa magoti, akaanza kukimbia.

* * *

Kosa la orodha lina dawa moja, inaitwa nyongeza. Ni karatasi ya kijani yenye jina la muswada uliosahaulika, sahihi ya mbunge yeyote na sahihi ya Spika, iwekwe juu ya kila dawati kabla siwa haijaingia ukumbini. Siwa ni lile rungu la shaba linalobebwa mbele ya Spika. Likishavuka mlango, orodha imefungwa, hata malaika akileta muswada ataambiwa apange foleni.

Siwa huingia saa tatu kamili.

Akampigia simu mwenye muswada. Imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa.

"Kama kawaida yake," akasema peke yake, akateremka ngazi kwenda chumba cha mashine.

Fundi wa mashine, mtu wa makamo wanayemwita Wino, alikuwa anakunywa uji kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kazi.

"Wino, karatasi za kijani ziko ngapi?"

"Salamu kwanza, dada. Umeamkaje?"

"Nimeamka vibaya. Ngapi?"

Wino akavuta boksi, akapitisha kidole kwenye rundo kama mtu anayehesabu noti. "Mia na ishirini na moja."

"Nataka mia mbili na arobaini."

"Na mimi nataka kuwa mrefu."

Mama Kadi akaliangalia rundo. Akaliangalia panga la kukatia karatasi. "Kata kati."

"Nikate nini?"

"Kata kila moja vipande viwili. Kanuni inasema kijani. Haijasema ukubwa."

Wino akaweka uji chini. Alikuwa mtu mwenye maswali, na hili lilimjaa mdomoni. "Muswada gani huu wa kukatiwa karatasi?"

"Wa vyoo."

"Aaa." Akatabasamu mpaka mashavu yakafunika macho. "Si ndiye yule aliyekuja jana kukusalimia? Nilimwona akipita hapo kwenye korido na kikoti chake. Nikasema moyoni, moto wa mavi ya ng'ombe huo, unafikiri umezimika kumbe unafukuta chini kwa chini."

"Wino, kata karatasi."

"Nakata, dada. Lakini usinikaripie. Mashine hii ni kama mkwe, ikisikia sauti ya juu inasusa."

Ni kweli alikuja jana. Miaka minne tangu waachane, hawajasalimiana zaidi ya kutikisa kichwa, na jana jioni Mheshimiwa akasimama mlangoni akasema, "Za hapa?" Hivyo tu. Mama Kadi akasema nzuri, karibu, akaenda kuweka maji ya chai kwenye birika. Aliporudi, mtu hayupo. Akadhani ameona haya. Jioni nzima alitabasamu barabarani kama aliyeokota kitu.

Tusimcheke. Hata wewe unayesoma una jina moja ukilisikia unalegea.

* * *

Saa mbili na dakika arobaini na sita. Chumba cha chai cha waheshimiwa.

Kwenye kiti cha pembeni alikaa mbunge mkongwe kuliko wote, Mzee Ndiyo. Ana miaka thelathini bungeni na hajawahi kusema hapana. Serikali zimebadilika, vyama vimekufa, yeye ndiyo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

"Sikai, mzee. Naomba sahihi yako hapa."

Mzee Ndiyo akavua miwani, akaipangusa kwa tai, akaivaa tena. Saa mbili na dakika arobaini na saba. "Inahusu nini?"

"Vyoo vya masokoni."

"Vinajengwa au vinabomolewa?"

"Vinajengwa, mzee."

"Basi ndiyo." Akatia sahihi, ndefu, yenye mkia.

"Na vingekuwa vinabomolewa?"

"Ndiyo pia. Mimi sipendi ugomvi."

Saa mbili na dakika hamsini alikuwa mlangoni kwa Spika. Spika, mama mnene mwenye macho yasiyodanganywa, alikuwa anavalishwa joho, na pini tatu zilikuwa zimebanwa mdomoni mwake.

"Nini?" Pini zikacheza.

"Nyongeza, Mheshimiwa Spika. Muswada wa saba."

Spika akasoma kipande cha kijani. Akakigeuza nyuma kuona kama kuna kingine. "Mbona nusu?"

"Tunabana matumizi."

"Mwenye muswada yuko wapi?"

"Simu yake imezimwa."

"Si alikuwa mume wako huyu?"

"Hata enzi hizo ilikuwa inazimwa."

Pini moja ikaanguka. Spika alicheka kwa pua tu, kwa kuogopa zilizobaki, akatia sahihi juu ya mgongo wa msaidizi aliyekuwa anamfunga vifungo. "Una dakika tisa. Siwa haimsubiri mtu. Hata mimi hainisubiri."

Chini, mashine haikususa. Dakika nne, nusu-karatasi mia mbili na arobaini, bado za moto. Wino akachukua upande wa kulia wa ukumbi, Mama Kadi kushoto, wakakimbia kati ya madawati kama watu wanaopanda mbegu huku mvua inakuja. Wabunge walikuwa wanaingia, wanakumbatiana, wanaulizana habari za majimbo ambayo hawajakanyaga tangu kampeni.

Kengele ikalia. Watu wote wakasimama, wakageukia mlango mkubwa.

Mama Kadi alikuwa amebakiza dawati moja. Namba mia mbili na arobaini, pembeni kabisa, karibu na mlango huohuo.

Siwa ikavuka.

Alikuwa bado ameinama, karatasi mkononi, hatua mbili kutoka kwenye dawati. Aliyebeba siwa alimwona. Huyu ni mtu wa sare na soksi nyeupe, na kazi yake inamkataza kusema neno akiwa na rungu begani. Basi hakusema neno. Alifumba jicho moja, akalifumbua, akaendelea na mwendo wake wa jogoo.

Mama Kadi akaweka karatasi. Hakuna mwingine aliyeona. Vichwa vyote vilikuwa vimeinama kwa dua.

Amina.

Kiti kimepona.

* * *

Nafasi ya Mama Kadi ukumbini ni meza ndogo kando ya Katibu wa Bunge. Kazi yake ni kusoma jina la kila muswada ukifikiwa. Katibu ni mtu asiyepandisha sauti, akikasirika anaishusha. Alikuwa ameshaona kijani.

"Nyongeza?" akauliza, chini.

"Ndiyo, Bwana Katibu."

"Imewahi?"

Mama Kadi akajishughulisha na kalamu. "Iko mezani kwao wote."

Muswada wa kwanza, Marekebisho ya Marekebisho ya Sheria ya Magunia, ukapita. Wa pili, Leseni za Vinyozi, ukazua maneno, maana mheshimiwa mmoja ana saluni nne na akasimama kutangaza hana maslahi yoyote. Wa tatu ulikuwa wa mabango ya barabarani.

Hapo Mama Kadi akainua macho juu, roshani ya wageni. Safu mbili za mbele walikaa wanawake wa sokoni, wamevaa nguo za sherehe, mikoba mapajani. Walisikia muswada wao ni leo, wakafunga meza, wakaja. Katikati yao, dada yake mkubwa, tumbo moja baba mmoja, muuza nyanya. Dada huyo hanywi maji tangu alfajiri mpaka arudi nyumbani. Miaka ishirini. Si kwamba hana kiu. Soko lenye watu elfu mbili lina choo kimoja, na ufunguo wake anao msimamizi, na msimamizi ana zake. Mwaka juzi figo zilimlaza wiki tatu.

Dada akampungia mkono. Mama Kadi akajibu kwa vidole viwili, chini ya meza.

Ndipo mlango wa pembeni ukafunguka, akaingia Mheshimiwa Vyoo.

Jina hilo wenzake walimpa kwa kejeli, naye akalivaa kama nishani. Alitembea taratibu, anasalimia kulia na kushoto, uso umetulia kama wa mtu aliyefunga mlango wa nyumba na kuweka ufunguo mfukoni. Akaketi. Akaona kijani. Akaishika kwa ncha za vidole, kama majibu ya hospitali.

Nilisema uso umetulia? Futa.

Dakika hiyohiyo alikuwa ameinama juu ya meza ndogo, akijifanya anaomba nakala ya kanuni.

"Nani kaweka huu muswada?"

"Mimi," akanong'ona Mama Kadi. "Karibu. Nashukuru pia kwa kuwasha simu."

"Kwa nini?"

"Kwa nini nini? Kuna mtu mpumbavu aligeuza kadi yako, nikauruka. Nimekimbia dakika ishirini kuurudisha. Sema ahsante uende ukakae."

Mheshimiwa akainama zaidi. "Kadi niligeuza mimi."

Mama Kadi akaiweka kalamu mezani. 

"Jana," akaendelea. "Ulipokwenda kuweka maji."

"Kumbe 'za hapa' ilikuwa ya kadi."

"Sikiliza..."

"Nani alikufundisha habari ya kadi?"

"Wewe. Mezani, kila jioni, miaka kumi na moja. Unafikiri nilikuwa sisikii? Sasa nisikilize na wewe. Nimehesabu watu. Wenye masoko juzi waliwaalika waheshimiwa chakula cha jioni, watu wangu watano wamerudi wanasema choo ni jambo la utamaduni. Hapana ni mia moja na kumi na nane. Ndiyo ni mia moja na kumi na tatu. Wakigeuka watatu tu, nimeshinda, na hao watatu nawajua, nawapata nikienda majimboni kwao. Nahitaji miezi minne. Leo ukipigiwa kura unakufa, na uliokufa haurudi mpaka Bunge lijalo. Miaka mitatu."

"Ungeandika barua ukauondoa."

"Ukiondolewa kwa barua unarudi kamati, miaka miwili. Na kesho magazeti yanasema nimenunuliwa."

"Omba uahirishwe."

"Inapigwa kura. Kura ndizo sina."

"Usisimame ukiitwa."

"Unahesabiwa umekataliwa. Mama, kanuni unazijua kuliko mimi."

Alizijua. Ndiyo maana aliuliza haraka haraka, kama mtu anayejaribu milango ya nyumba iliyofungwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali?"

"Nisingekubali! Kadi ni kazi yangu!"

Katibu akashusha sauti. "Kuna tatizo hapo?"

"Mheshimiwa anaomba kanuni," akasema Mama Kadi, akamsukumia kitabu kifuani. Kisha, chini kabisa: "Ulinitia kitanzini, unajua? Nina barua mbili."

Uso wa Mheshimiwa ukamwonyesha kwamba hakujua. Huyo ndiye mtu wake. Anajua choo cha kila soko la nchi nzima, lakini barua mbili za mke wake hazijui. Kwa hilo Mama Kadi aliomba talaka mwenyewe: alikuwa mume wa misiba yote na harusi zote, isipokuwa nyumba yake.

"Rudi ukakae," akamwambia.

* * *

Muswada wa nne ukapita. Wa tano ukapita. Wa sita ulikuwa wa posho za wabunge, na sitaki kuwachosha: dakika sita, pamoja na makofi. Mzee Ndiyo alisema ndiyo kabla ya swali kuulizwa.

"Katibu, hoja inayofuata," akasema Spika.

Mama Kadi akasimama. Kipande cha kijani kilikuwa mkononi. Juu, mikoba ikateremka kutoka mapajani, wanawake wakasogea ukingoni mwa viti. Upande wa pili wa roshani, wenye masoko watatu wenye suti walitulia kama watu walioshiba.

Angesoma tu. Mstari mmoja. Kiti chake kilikuwa salama, karatasi ziko mezani, Spika ametia sahihi, na aliyebeba siwa si mtu wa kusema. Muswada ungekufa, lakini ungekufa kwa kura, na kura si kosa la mpanga orodha. Angerudi ofisini, angekunywa chai, angestaafu baada ya miaka mitatu na saa ya ukutani ya zawadi.

"Hoja inayofuata," Spika akarudia.

"Mheshimiwa Spika," akasema Mama Kadi.

Ukumbi ukamtazama. Yeye husoma majina, hahutubii. Hata maikrofoni ilistuka, ikapiga mluzi.

"Nyongeza hii haikuwahi. Karatasi ya mwisho, ya dawati la mia mbili na arobaini, iliwekwa baada ya siwa kuvuka mlango. Niliiweka mwenyewe. Nilijua, na nikakaa kimya."

Kalamu ya Katibu ilisimama.

Spika akaegemea mbele. "Kuna aliyeona?"

 Kutoka kando ya ukuta, mtu wa soksi nyeupe akakohoa. Siwa ilikuwa imelala mezani, haiko begani, kwa hiyo mdomo wake ulikuwa huru. "Hatua mbili, Mheshimiwa Spika. Alikuwa amebakiza hatua mbili."

"Na wewe ukanyamaza?"

"Nilikuwa nimebeba, Mheshimiwa."

Vicheko vikazunguka madawati. Spika hakucheka. Alimtazama Mama Kadi muda mrefu, kisha akamtazama Mheshimiwa Vyoo, kisha tena Mama Kadi, na naapa alielewa zaidi ya alivyosema.

"Basi nyongeza ni batili. Muswada wa saba hauko mbele yetu leo. Utaitwa kikao kijacho, mahali pake. Tunaendelea na wa nane."

Wenye masoko wakasimama roshani kulalamika. Askari akawaonyesha viti. Mheshimiwa Vyoo akanyanyuka nusu, mdomo wazi, mtu anayetaka kukiri mbele ya nchi nzima. Mama Kadi akamkazia macho. Waliokuwa na ndoa wanayajua macho hayo. Maana yake ni moja: kaa chini. Akakaa.

Lakini juu walipokaa wanawake hakuna aliyejua habari ya kura mia moja na kumi na nane. Walichokiona ni hiki: muswada ulikuwepo, na mtalaka wa mwenye muswada amesimama akauua kwa mdomo wake.

Dada mkubwa akainuka. Hakupiga kelele. Alisonya, sonyo refu la sokoni, likateremka kutoka roshani mpaka meza ya Katibu. Kisha akachukua mkoba wake, na safu mbili nzima zikamfuata.

Katibu aliandika barua palepale, mezani, kwa penseli, bila kuangalia juu. Muswada wa tisa ulikuwa bado unasomwa alipoikunja.

"Swali moja," akasema, sauti imeshuka mpaka karibu na sakafu. "Kadi iligeuzwa na nani?"

Mkosaji alikuwa dawati la sita, safu ya tatu. Neno moja, na yeye angekuwa ndiye mwenye barua: mbunge kuingia ofisini na kuchezea orodha, kiti chake kingekwenda, na muswada nao.

"Sikumwona mtu," akasema Mama Kadi. Na hakusema uongo. Alikuwa anaweka maji ya chai.

Katibu akanyoosha kiganja.

Kwa wanaopenda hesabu, ilikuwa hivi. Barua tatu. Miaka ishirini na miwili ukutani, kadi baada ya kadi. Ufunguo mmoja wa ofisi ya kadi, uliowekwa kwenye kiganja cha Katibu saa saba kasoro robo mchana. Miaka mitatu ya kumalizia stoo. Dada mmoja, ambaye hakumsubiri getini. Na muswada mmoja ulio hai kwa miezi minne, ukipungukiwa kura tatu.